Utani ulikuwa na kanuni zake. Kazini tumebaki na mzaha usio na kanuni

Mtani wa Unyanyembe (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Ofisi nyingi siku hizi huandaa semina ya kuamsha ari ya watumishi, ambamo mwezeshaji aliyelipwa huwasimamisha watu wazima wenye wajukuu, akawaamuru wapige makofi na kumwambia aliyekaa karibu nao kwamba anapendeza. Sina ugomvi na makofi, wala na posho ya mwezeshaji. Ninachoshangaa ni kwamba tunanunua kwa fedha, tena kwa ubora hafifu, kitu ambacho wazee wetu walikuwa nacho kikiwa kamili, chenye haki na wajibu wake, yaani utani. Naomba nieleze kwa kirefu, kisha mnikosoe.

Asili yangu ni Tabora, kwa hiyo nianzie nyumbani. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, safari ya miezi, wakipita katika nchi za watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuwapenda. Mgeni anayefika amechoka, ana njaa na ana mzigo wa thamani, yuko hatarini. Katika njia hiyo ndipo ulipokomaa utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, pamoja na makabila mengine yaliyokuwa kando ya njia: msafiri aliweza kuingia kwa mtani wake, akachukua chakula bila kuomba na kumtukana mwenyeji kwamba ni mvivu wa kulima, naye mwenyeji akamjibu kwa matusi ya kipimo kile kile, kisha wakacheka na kulala salama. Wahehe na Wangoni walifika hapo kwa njia nyingine, kwa maana walipigana vita vikali kabla ya kuwa watani. Wapare na Wachaga ni majirani, na hadi leo Mchaga atakwambia kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, naye Mpare atakujibu kwamba ukitaka kuhakikisha kuwa Mchaga amekata roho kweli, uangushe sarafu karibu na sikio lake.

Tazameni jinsi jambo hili lilivyojengwa. Utani haukuanzishwa baina ya marafiki ili wafurahi zaidi; uliwekwa pale palipokuwa na hatari ya ugomvi, au kumbukumbu ya ugomvi. Ndiyo maana wenye utani wa kikabila ni wapiganaji wa zamani, majirani wanaogombania mambo, na wageni wanaotegemeana. Ndani ya ukoo ni vivyo hivyo: bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na mabinamu na mashemeji hutaniana, lakini hakuna anayethubutu kumtania mama mkwe. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala kuhusu uhusiano wa namna hii mwaka 1940, akieleza kwamba mmoja huruhusiwa, na mahali pengine hulazimika, kumfanyia mwenzake mzaha, na huyo mwenzake hulazimika kutochukizwa. Mwaka 1944 R. E. Moreau akaandika kuhusu utani wa Tanganyika hasa. Huyu Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, alijulikana zaidi kwa kuchunguza ndege, jambo linalonifurahisha, kwa sababu mtu aliyezoea kukaa kimya akisikiliza huandika vizuri kuliko anayekwenda na orodha ya maswali.

Lakini sehemu ya utani ambayo semina zetu haziwezi kuifikia ni msibani. Mtani hufika kwenye matanga akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, akawauliza wafiwa kwa nini wanalia ilhali marehemu alikuwa mdaiwa sugu. Yuko atakayejilaza palipochimbwa kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, wala hakuna anayeruhusiwa kumfukuza. Na mtani huyo huyo ndiye anayechimba kaburi, anayebeba, anayepika na kuchota maji, kwa sababu ruhusa ya kukucheka siku zote imefungamana na kazi ya kukuzika. Aliyekutania miaka yote kisha akakosekana kwenye msiba wako amevunja mkataba.

Sasa linganisheni na mzaha wa kazini kwetu. Mkurugenzi humtania dereva kuhusu kitambi chake mbele ya wageni, na dereva hucheka kwa sababu hana namna nyingine. Hakuna kurudisha, hakuna wajibu, hakuna anayejua mpaka uko wapi. Siku dereva akifiwa, mkurugenzi hutuma rambirambi kwa katibu muhtasi.

Kitu pekee rasmi kinachokaribia utani serikalini ni mashindano ya SHIMIWI, ambako watumishi wa wizara na idara hukutana kwa kuvuta kamba, netiboli, bao, karata na drafti. Mtu aliyeona mhasibu mkuu akiburutwa kwenye nyasi na wahudumu wa wizara nyingine anajua ninachosema. Kasoro ni kwamba wanaokwenda ni wachache, na waliobaki ofisini huwaona kama waliokwenda kutafuta posho.

Swali langu ni hili: inawezekana kuurudisha utani mahali pa kazi ukiwa na kanuni zake zote, au ulikufa pamoja na mazingira yaliyouzaa?

---

Bibi wa Makunduchi

Mwanangu mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakuombea umri. Hata hivyo umesahau jambo moja, nalo ni tarehe.

Sisi huku Kusini Unguja tuna Mwaka Kogwa, ambao huadhimishwa kila mwezi wa Julai. Chimbuko lake ni Nairuzi, mwaka wa jua wa Waajemi, na ndiyo maana haufuati mwezi mwandamo kama sikukuu zetu za dini. Siku hiyo wanaume wa pande mbili za mji hukutana uwanjani na kupigana kwa vipande vya mgomba, kweli kweli, mpaka jasho na vumbi vimewatapakaa. Kibanda cha makuti hujengwa, mtu huingia ndani, kikachomwa moto, naye hutoka mbio na kukimbilia vichakani huku watu wakishangilia. Wanawake nao huzunguka wamevaa nguo zao mpya wakiimba nyimbo ambazo siku nyingine yoyote ningemchapa mjukuu wangu kwa kuzitamka. Kisha watu hula. Kila nyumba hutaka mgeni siku hiyo, na aliyekosa mgeni huhesabu kwamba mwaka umemwanzia vibaya.

Wazee walitufundisha kwamba mapigano yale ni ya kumaliza vinyongo. Ukiwa na jambo na mwenzako tangu mwaka jana, unampiga kwa mgomba, anakupiga, na jua likizama limekwisha. Anayelirudia kesho yake ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo mzaha wa huku una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Nyinyi wa maofisini mnataniana Jumatatu hadi Ijumaa bila kikomo, mkishangaa kwa nini watu wanachoka.

Siku hizi wageni wa kamera ni wengi kuliko wapiganaji, na wapo vijana wanaopigana wakiangalia upande wa kamera. Hilo halinipendezi, lakini halijaharibu shughuli.

---

Afisa Utumishi

Shikamoo Bibi. Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo mazuri, lakini naomba nizungumze kama mtu ambaye mafaili ya malalamiko humfikia mezani.

Neno ninalolisikia mara nyingi zaidi kutoka kwa mtuhumiwa ni kwamba alikuwa anatania tu. Katika taasisi moja niliyowahi kufanya kazi, karani mmoja wa kike alitaniwa kwa muda mrefu kwamba hajazaa. Walimletea nguo za mtoto siku ya kuzaliwa kwake, wakampa jina, wakamwimbia. Alikuwa anacheka pamoja nao. Aliponiletea barua ya kuomba uhamisho hakuandika sababu, na nililazimika kumketisha muda mrefu kabla hajaieleza. Waliohusika walishangaa kwa dhati kabisa, kwa sababu kwao ule ulikuwa ushahidi wa upendo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na miongoni mwa misingi inayotajwa humo ni jinsia, na pia kabila au mahali mtu alikotoka. Kwa maneno mengine, utani wa sarafu na wa kesi ya kuku, ukiutoa kijijini na kuuweka kwenye kikao cha kupandisha watu vyeo, unaweza kuwa kielelezo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wazee wako wa Unyanyembe hawakuwa na mishahara inayoamuliwa na watani wao. Hapo ndipo tofauti ilipo, na naona umeipita haraka.

Kwa hiyo sikatai kicheko. Nauliza ni nani anayelipa gharama yake.

---

Mtani wa Unyanyembe (mleta uzi)

Dada Afisa, nakubali kwamba nilipita haraka, ila mfano wako unanisaidia kuliko unavyonipinga. Pimeni kisa cha karani yule kwa kanuni za utani, nanyi mtaona kuwa kinashindwa kila mahali. Waliomtania walikuwa kundi dhidi ya mmoja, ilhali utani huwa na pande mbili zenye nguvu sawa. Yeye hakuwa na ruhusa inayotambulika ya kuwarudishia, na kama angewaambia wao jambo la kuwaumiza kiasi hicho, angeitwa mkorofi. Walichagua jeraha lake binafsi, wakati mtani wa kweli hushambulia kitu ambacho ni cha wote: ukoo, kabila, timu, idara, namna watu wenu wanavyokula. Mpare anapochekwa kwa kesi ya kuku, hachekwi yeye. Wanachekwa Wapare wote, na aibu iliyogawanywa kwa watu wengi namna hiyo haimlemei mtu yeyote.

Hili naliona ndilo fundisho ambalo ofisi inaweza kulichukua bila kugusa makabila. Uhasibu na Ununuzi wana ugomvi wa kudumu katika taasisi zote nilizowahi kuziona, kama vile uwanja wa ndege ulivyo na kelele. Wahandisi na watu wa masoko vivyo hivyo. Wauguzi wa zamu ya usiku na wa zamu ya asubuhi pia. Hayo ndiyo makabila ya leo, na hapo ndipo utani ungeanza, idara kwa idara, kwa makubaliano ya wazi, na kwa wajibu: mwenzenu akifiwa, idara ya watani ndiyo inayoshughulikia jiko na usafiri. Bila huo wajibu, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuupinga.

---

Jirani wa Kisumu

Hamjambo ndugu zetu. Nawasoma kutoka Kisumu, na kwa kweli nawaonea kijicho kidogo.

Kwetu Kenya kabila lilipitia katika siasa kabla ya kupata nafasi ya kuwa mzaha salama. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007 ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, na tume ikaundwa, kwa sababu tulikuwa tumeona kwa macho yetu kwamba neno la dharau linaweza kutangulia panga. Tangu hapo mtu makini hupima mara mbili kabla ya kumwambia mwenzake wa kazi jambo la kabila lake, hata kwa kucheka. Mkataba wa kwamba mwingine hatachukizwa haupo baina ya makabila yetu, na hauwezi kuandikwa kwa amri.

Hata hivyo nina mfano mmoja unaonitatiza, na nautoa hapa ili wenye akili waufikirie. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana nchi nzima kwa jina la Mzee Ojwang' katika vipindi vya runinga ya taifa kama Vitimbi. Alikuwa Mkikuyu, naye aliigiza mzee Mjaluo kwa lafudhi ya Kijaluo miaka nenda miaka rudi. Huku kwetu tulicheka pamoja na wengine wote, na wapo waliokataa kuamini kwamba si mtu wa nyumbani. Kwa kanuni za ndugu mleta uzi alikuwa hana ruhusa hata kidogo. Ninadhani alisamehewa kwa sababu mzee yule wa kuigiza hakuwa mjinga. Alikuwa mwenye haraka, mwenye majivuno na mwenye huruma, na mara nyingi yeye ndiye aliyepata hasara. Aliyemwiga alikuwa amemsikiliza vizuri. Huenda, basi, ruhusa ya mzaha inaweza pia kupatikana kwa kumjua mtu kwa kina, mahali ambapo mila haikuitoa.

---

Mwalimu wa Kagera

Naomba niongeze tahadhari kutoka mkoani kwetu, kwa kuwa uzi unaelekea kuchukulia kicheko kama dalili ya afya.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hali ikawapata wengine, hadi wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Waliporudishwa makwao, hali ile ilijitokeza pia katika vijiji, Nshamba ukiwa mmojawapo. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip waliandika habari zake mwaka 1963, na tangu hapo watu wa nchi za mbali wamekuwa wakizisimulia kama kisa cha kuchekesha, kana kwamba wasichana wale walisikia kichekesho kitamu sana kikapita kutoka kitanda hadi kitanda.

Haikuwa hivyo. Kicheko kilikuja kwa vipindi, kimechanganyika na kulia, na wengine walikuwa na hofu na kuhangaika mwilini. Madaktari hawakupata sumu wala kijidudu, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ulikuwa msongo wa pamoja uliotafuta pa kutokea kwa watoto waliokuwa wamebanwa. Nchi ilikuwa na mwezi mmoja na siku kadhaa tu tangu Uhuru, na matarajio juu ya waliokuwa shuleni yalikuwa makubwa.

Ninalitaja kwa sababu nimewasikia wakuu wa taasisi wakijisifu kwamba wafanyakazi wao hucheka sana. Karani wa Dada Afisa naye alikuwa anacheka. Anayetaka kujua hali ya watu wake asihesabu vicheko. Aangalie kama yupo mtu wa chini anayeweza kumtania mtu wa juu, akasikilizwa, na mchana wakala meza moja.

---

Mwana Jangwani

Mwalimu, utani wa namna hiyo upo, na kila mtu kwenye uzi huu anaujua ila anaona haya kuutaja mbele ya wasomi. Yanga ilianzishwa 1935, Simba ikafuata 1936, na tangu hapo hakuna mkurugenzi wa Simba aliyewahi kuwa salama mbele ya mlinzi wa Yanga.

Tarehe 5 Novemba 2023 tuliwafunga Simba mabao 5 kwa 1. Asubuhi iliyofuata bosi wangu, ambaye kwa kawaida hupita mapokezi bila kuangalia mtu, alikuta mhudumu amemwekea vikombe vitano vya chai mezani, na kimoja kidogo pembeni. Alivinywa. Vyote. Mhudumu yule hakufukuzwa kazi, na sijui semina gani ingeweza kufanya jambo kama hilo.

---

Mnyama Mkali

Ndugu yangu wa Jangwani anasahau kutaja mwaka 1977, Simba 6, Yanga 0. Namkumbusha kwa upendo, na kwa kanuni zilizowekwa na mleta uzi haruhusiwi kukasirika.

Nikirudi kwenye mada kwa utaratibu: huu ndio utani pekee ambao umehamia mjini ukiwa mzima. Una pande mbili zinazolingana, unashambulia kitu cha pamoja, hakuna aliyezaliwa na jezi kiasi cha kuidai kuwa jeraha lake, na una ratiba, kama alivyotaka Bibi wa Makunduchi. Aliyecheka leo anajua kwamba zamu yake ya kuchekwa imepangwa tayari na bodi ya ligi. Kinachokosekana ni ule wajibu wa msibani, ingawa hata hapo nimeona matawi ya Simba na Yanga mtaani kwetu yakichangiana kwenye mazishi ya wanachama wao, jezi nyekundu na za kijani zikibeba jeneza moja.

---

Kete 64

Assalaam alaykum. Nimechelewa, lakini katika mchezo wa bao mtu hapangiwi muda wa kufikiri.

Mmezungumza sana kuhusu maneno, na mchezo wenyewe mmeuacha. Mtu mzima anahitaji kitu cha kushika. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza akiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kwanza watu hunamua, wakiingiza kete za mkononi moja moja, kisha huingia kwenye mtaji, ambapo kete zote zimo ubaoni na hesabu inakuwa ndefu. Anayeangalia kwa mara ya kwanza hudhani wazee wamekaa tu kivulini. Wale wazee wanahesabu mizunguko ambayo mhasibu wenu angehitaji karatasi kuifuata.

Mambo mawili ya bao yanahusu uzi huu. Kwanza, kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Aliyeila huisambaza upande wake, na kesho inaweza kurudi kwako. Mchezo mzima unachezwa kwa mali ile ile, ikihama. Pili, barazani watazamaji wana haki ya kusema. Mvuvi humwambia hakimu mstaafu kwamba takata aliyoicheza, yaani hatua isiyokula kete, ni ya mtoto, na hakimu hunyamaza, kwa sababu ni kweli. Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji wa bao, na sidhani kwamba waliocheza naye walimwachia nyumba yake, lile shimo kuu la ubaoni, kwa heshima ya cheo. Angewadharau.

Pendekezo langu kwa Dada Afisa ni dogo: weka mbao mbili za bao karibu na kantini. Hakuna anayeweza kumnyanyasa mtu kwa kumla kete.

---

Afisa Utumishi

Mzee wangu Kete 64, waalaykum salaam. Hilo la bao nalichukua, kwa sharti kwamba wanawake wafundishwe na wasiachiwe kazi ya kuleta kahawa.

Ndugu mleta uzi, kuhusu utani wa idara kwa idara, nimelifikiria na ningeweza kulitetea mbele ya mwajiri kwa masharti haya. Mada ni kazi na timu. Miili, ndoa, uzazi, dini na kabila havimo. Mwenye mamlaka ya kutathmini utendaji wa mtu haanzishi utani naye. Anaruhusiwa kujibu tu. Mtu akisema basi, ni basi, bila kuulizwa kwa nini, na hapo naachana na mila, kwa kuwa mila ilimnyima haki ya kukasirika, na mimi siwezi. Kuhusu msiba, nakubaliana nawe moja kwa moja: idara ya watani ndiyo itakayosimamia, na jambo hilo liandikwe kwenye utaratibu wa rambirambi wa taasisi, ili lisitegemee moyo wa mtu.

Kinachonisumbua bado ni mwajiriwa mpya. Watani wa zamani walizaliwa ndani ya utani. Huyu anaingia Jumatatu hajui lolote.

---

Bibi wa Makunduchi

Mwajiriwa mpya ni mgeni, mwanangu. Mgeni hapigwi kwa mgomba. Anakaribishwa, analishwa, anaketi anatazama, na mwaka unaofuata atachagua mwenyewe upande wa kusimama.

---

Mtani wa Unyanyembe (mleta uzi)

Shikamoo tena Bibi, hilo limekaa vizuri kuliko lolote ambalo ningeandika. Dada Afisa, sharti la "basi" nalipokea kwa shingo upande, kwa maana linaugeuza utani kuwa kitu kingine, lakini karani yule angelihitaji na sina jibu la kumpa. Ninachoomba ni kwamba mwenye kusema basi naye aache kutania kuanzia hapo, ili mizani isilale upande mmoja. Ndugu wa Kisumu, kisa cha Mzee Ojwang' bado nakitafakari. Karibu uendelee kukichambua, kwani naona wewe na Mwalimu wa Kagera mnaelekea mahali pamoja kwa njia tofauti.

---

Kete 64

Kwa wale wanaoniandikia pembeni: mbao zichongwe kwa mti mgumu, mashimo yawe na kina, na nyumba iwe ya mraba ili itambulike. Kete nzuri ni komwe. Vizibo vya soda havifai, vinateleza na havina sauti.

---

Mnyama Mkali

Mzee, ukifundisha watu wa Yanga uanze na kuhesabu hadi sita.

---

Mwana Jangwani

Nimesoma. Sijakasirika. Tukutane kwenye mechi ijayo.